Magofu ya Bagamoyo kwa siku moja: anzia Kaole, maliza Misheni

Ziara ya Bagamoyo, kama inavyouzwa Dar es Salaam, mara nyingi hupangwa kinyumenyume. Basi dogo linaingia Misheni ya Kikatoliki saa 4 asubuhi, linazunguka Mji Mkongwe saa 7 jua likiwa utosini, kisha Kaole, magofu ya mji wa kale, inaachiwa saa 9 au 10, watu wameshachoka, maji yamewaishia na dereva anatazama saa. Ndiyo maana wengi wanarudi wakisema Kaole ni mawe matupu. Kasoro si ya Kaole, ni ya ratiba. Igeuze: anzia kusini kwenye magofu, panda kaskazini hadi Misheni. Jua la asubuhi litapiga kuta kwa ubavu na kuonyesha kila mkato wa patasi, vichochoro vya mjini vitakupa kivuli cha mchana, na miembe ya Misheni itakupokea jioni.

Tathmini hii ni ya safari hiyo ya siku moja, kwa bajaji na kwa miguu. Kaole tunaipa alama za juu kabisa. Misheni inaifuata kwa karibu. Ngome Kongwe inatosheleza, Boma la Wajerumani linatazamwa zaidi kwa nje, na huduma ya waongoza wageni inajaa na kupwa kama bahari, inategemea umempata nani.

Kutoka Dar ni kama kilometa 70. Kosta za Bagamoyo hupakia Makumbusho na kupita Tegeta, Bunju, Mapinga na Zinga. Zinasubiri kujaa, halafu zinasimama kila kituo, kwa hiyo hesabu saa 2 za njiani na usijidanganye na umbali wa kwenye ramani. Ukiondoka saa 12 asubuhi, saa 2 uko stendi ya Bagamoyo. Usikae stendi kunywa chai. Chukua bajaji moja kwa moja hadi Kaole, kilometa 5 hivi kusini, kwa barabara inayopita Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Patana bei ya kwenda, kusubiri saa moja na nusu, na kurudi mjini, yote kwa pamoja kabla hujapanda. Kosa la kila siku ni kupatana kwenda tu. Usafiri wa kurudi kutoka Kaole ni wa kubahatisha, na aliyekwama pale hupangiwa bei na yeyote atakayetokea.

Kwa maeneo ya serikali, beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni wa nje, na asiye na uthibitisho anaweza kubishana getini mpaka jua likapanda. Weka salio la kutosha kwenye simu, kwa sababu malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa kumbukumbu namba. Hakikisha umepewa risiti, itunze mpaka unaondoka. Na kabla ya yote, salimia. Ukimkuta mzee getini, shikamoo yako kwanza, marahaba yake, kisha ndiyo habari za tiketi. Anayeanza na "bei gani?" hufunguliwa geti tu, anayesalimia huonyeshwa na yale yasiyo kwenye kibao.

KAOLE

Anzia kwenye jumba dogo la makumbusho, dakika 15, usilipite. Mle ndani kuna vigae vya vyungu na bakuli vilivyochimbwa hapahapa, na utafiti wenyewe ulianza mwaka 1958 chini ya mwanaakiolojia Neville Chittick. Tafuta vipande vya bakuli za Kichina zenye rangi ya kijani kama maji ya bahari yasiyo na kina. Zitazame vizuri, uikariri ile rangi, kwa sababu huko nje utaona matundu yaliyobaki wazi mahali bakuli kama hizo zilipokuwa zimepachikwa. Aliyeanza na matundu hajui anatazama nini.

Kisha nenda msikitini. Kuna mabaki ya misikiti miwili, na ule wa zamani zaidi kwa kawaida huwekwa kwenye karne ya 13. Kabla mwongoza wageni hajasema lolote, tafuta mwenyewe kibla. Pwani yetu iko kusini mwa Makka karibu moja kwa moja, kwa hiyo ukuta wa kibla unatazama kaskazini. Ukishaupata, una dira ya eneo zima: mgongo wako uko kusini, bahari na mikoko viko kulia. Usitafute mnara wa adhana. Misikiti ya kale ya pwani hii haikujengwa na minara.

Sasa chuchumaa karibu na ukuta, uso wako na jiwe ziwe umbali wa shubiri moja. Hapa ndipo Kaole inapolipa gharama ya nauli. Jiwe kubwa la ukuta ni tumbawe gumu la nchi kavu, lenye mashimo, lililovunjwavunjwa na kupangwa bila kuchongwa sana. Ila kwenye pembe, kwenye matao na pale penye mapambo, utaona jiwe la aina nyingine, laini, lenye vitundu vidogo kana kwamba ni nyuki waliovitengeneza. Hilo ni tumbawe la baharini. Lilitolewa likiwa bichi, likachongwa lingali limelowa, kwa sababu likishakauka hewani linakuwa gumu na halikubali tena patasi. Fundi aliyechelewa siku chache alipoteza jiwe lake. Kila ukingo ulionyooka unaouona pale ni kazi iliyofanywa kwa haraka na mkono usiotetemeka.

Kati ya mawe ni chokaa. Nayo ilitoka kwenye tumbawe hilohilo: magogo yalipangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawaka usiku kucha, kisha lundo likaachwa miezi linyeshewe mvua na umande mpaka ukali uishe. Ukitazama kwa makini utaona vidoa vyeusi ndani ya chokaa. Ni mkaa wa kuni za tanuri hilo, umekaa ukutani kwa mamia ya miaka. Pembeni yake kuna vipande vya makombe na mchanga wa ufukweni. Usikwaruze kwa ukucha wala kwa ufunguo. Chokaa ya namna hii ikianza kumegwa, mvua moja ya masika inamalizia.

Yapo maeneo ambayo viraka vya kisasa vinaonekana, na mgeni ajifunze kuvitofautisha kwa sababu vitamfuata hadi mjini. Saruji ni ya kijivu, ngumu, haina vidoa. Tatizo lake si sura. Ukuta wa tumbawe umejaa chumvi na unyevu, na unahitaji kupumua. Chokaa inaruhusu unyevu utoke, saruji inauziba. Unyevu ukizibwa unatafuta njia pembeni, kwenye jiwe lenyewe, na ukifika juu maji yanakauka, chumvi inabaki, inaganda na kulipasua jiwe punje kwa punje. Alama yake haifichiki: kiraka cha saruji kimesimama kizima kama ukingo wa sahani, na tumbawe lililokizunguka limeliwa na kuwa unga. Ukiliona hilo popote Bagamoyo, ujue kiraka kimeponya sentimeta chache na kuua zinazofuata. Inauma kuliona, kwa sababu chokaa bado inachomwa pwani hii na mafundi wake hawajaisha.

Makaburi ndiyo moyo wa Kaole. Yako zaidi ya 20, mengine yana kuta za mapambo ya mistatili iliyokatwa ndani ya lipu, mengine yana nguzo. Makaburi ya nguzo ni fahari ya pwani ya Waswahili, kuanzia kusini mwa Somalia hadi huku kwetu. Tongoni kule Tanga yapo pia, kwa wingi. Simama mbele ya nguzo moja, pandisha macho taratibu hadi juu. Utaona matundu ya mviringo. Hapo ndipo bakuli zilipokaa, mdomo ukitazama nje, ili ziwake jua likizipiga. Saa 2 na nusu asubuhi jua linaingia kwenye tundu kwa mshazari na unaona hadi alama ya duara la kitako cha bakuli kwenye chokaa. Saa 6 tundu ni doa jeusi tu. Hii pekee inatosha kuwa sababu ya kuanza na Kaole.

Kaburi linaloitwa la Sharifa bado linazuriwa na watu wanaokuja kuomba dua. Ukikuta mtu yuko pale, rudi nyuma, shusha simu, subiri amalize. Usipande juu ya ukuta wa kaburi lolote kwa ajili ya picha. Wanawake wabebe khanga au mtandio, wanaume waache kaptula fupi nyumbani. Ni makaburi na misikiti, hata kama paa halipo.

Baada ya kisima chenye maji baridi ya kunywa karibu kabisa na bahari ya chumvi, fuata njia ya kwenda kwenye mikoko. Mikoko ndiyo maelezo ya kwa nini mji ulikufa. Tope lilijaa, mikoko ikakamata tope, chombo hakikuweza tena kusogea, na biashara ikahamia Bagamoyo. Kaole haikuzimika siku moja, lakini. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walianzia hapa safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika, si Bagamoyo kama inavyodhaniwa. Ukitaka kuingia kwenye mikoko, uliza maji yanapwa saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na njia uliyoingilia mkavu unaweza kuirudia magotini. Vaa viatu vilivyofungwa. Ndala zinaachwa kwenye tope, na tumbawe linakata kama wembe.

Muda wa kutosha Kaole: saa moja na nusu. Kasoro: kivuli ni kidogo na maelezo ya vibaoni ni mafupi mno kwa utajiri wa mahali penyewe. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu.

MJINI

Rudi mjini kwa bajaji ile ile. Usitembee ufukweni kutoka Kaole hadi mjini ukiwa peke yako au mko wawili tu na kamera shingoni. Kuna sehemu ndefu zisizo na watu na vibaka wanazijua. Shukia pwani, karibu na soko la samaki na lile jengo la forodha la Wajerumani, kisha simama dakika 5 utazame bahari. Maji yakiwa yamepwa, majahazi yamelala ubavu mchangani na bahari iko mbali kabisa. Ufukwe huu ni wa jahazi, si wa meli. Meli kubwa ilitia nanga mbali na kushusha mizigo kwa mashua. Wajerumani walikaa hapa kama makao makuu hadi mwaka 1891, halafu wakahamia Dar es Salaam penye bandari ya kina. Bagamoyo ilibaki na majengo yake, na kwa sababu hiyohiyo ya kuachwa, mengi hayakuvunjwa kupisha mapya.

Ngome Kongwe ilianza kujengwa mwaka 1860 kama makazi ya Mwarabu aliyeitwa Abdallah Marhabi. Sultani Barghash aliipanua, Wajerumani wakaigeuza ya kijeshi, Waingereza wakaifanya gereza. Shika mfuatano huo unapoingia, maana kila tundu la ukuta lina mwenyewe. Kuta nene za chini ni za nyumba. Vitundu vyembamba vya kupenyezea bunduki ni vya askari. Vyuma vya madirishani ni vya gereza. Mgeni anayeambiwa kwamba jengo lote lilijengwa kwa ajili ya kufungia watumwa ameuziwa habari nusu. Panda ghorofani, paa linaonyesha bahari na mji kwa pamoja. Ngazi ni nyembamba na hazilingani urefu, kwa hiyo mshike mtoto mkono na mzee apewe muda.

Ukiwa ndani ya ngome, na katika kila nyumba ya kale utakayoruhusiwa kuingia, tazama dari. Boriti ni za mikoko, na boriti nzuri ina urefu wa mita 2 na nusu hadi karibu 3. Basi chumba nacho hakiwezi kupita upana huo. Ndiyo sababu nyumba za kale za pwani zina vyumba virefu na vyembamba kama korido: mti ndio uliochora ramani. Mchwa hawaupendi mkoko, kwa hiyo katikati ya boriti huwa salama miaka mingi. Panapooza ni ncha, pale boriti inapoingia ukutani, maji ya mvua yakipenya kutoka paa bovu. Dari likianza kuachana na ukuta kwa ufa mrefu ulionyooka, usisimame chini yake hata kama mlango uko wazi na hakuna kibao cha kukukataza.

Boma la Wajerumani, la mwaka 1897, ni jengo zuri la ghorofa lenye umbo la U na matao mapana ya varanda. Sehemu yake iliwahi kuporomoka kwa mvua. Dakika 20 zinatosha. Karavanserai, kituo cha misafara upande wa bara wa mji, ni kinyume chake: sura ya nje ni ya kawaida, lakini ndiyo inayoeleza Bagamoyo ilikuwa nini hasa. Misafara ilifika hapa kutoka Ujiji na Tabora, mwendo wa kilometa 1,200 hivi kutoka Ziwa Tanganyika, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Pembe za ndovu zilishuka, vitambaa, shanga na nyaya za shaba zikapanda. Ukisimama uani hapo na begi lako la kilo 5 limeshaanza kukuuma bega, jina la mji linaanza kueleweka. Bwaga moyo: mpagazi aliyefika pwani alitua mzigo na kupumzisha moyo, mtumwa aliyefika pwani aliambiwa auache moyo wake hapa, maana mbele ni bahari. Tafsiri zote mbili zinasimuliwa na zote mbili zina watu wake. Mwongoza wageni anayekupa moja tu anakupunja.

Milango ya nakshi kwenye Mtaa wa India usiipige picha ya mbali na kuondoka. Sogea. Katikati ya mabawa mawili kuna mfaa, ule ubao uliosimama unaofunika mwanya. Mara nyingi ndio wenye nakshi nyingi kuliko sehemu zote. Pembeni kuna miimo, juu kizingiti. Pitisha macho kwenye ukingo wa nje wa mwimo uone mnyororo uliochongwa, kisha ushuke chini kabisa utafute samaki au mawimbi. Tafuta tumbuu ya chuma na mnyororo wa kufungia. Mingi imelika na kutu ya bahari lakini bado iko. Hizi ni nyumba za watu. Barazani wamekaa wenyeji, kwa hiyo piga hodi, salimia, omba ruhusa. "Hodi, mama, naomba kuutazama mlango wenu" hufungua zaidi ya mlango. Na usiulize bei ya mlango. Imeshang'olewa mingi mno na kuuzwa, ikabaki mianya iliyozibwa kwa matofali.

KUMCHAGUA MWONGOZA WAGENI

Wapo wazuri sana, wenyeji waliolelewa na habari hizi na kuzisoma pia. Wapo wanaoungaunga. Mwombe kitambulisho chake cha kazi, patana bei kwa kundi zima na si kwa kichwa, taja maeneo mnayokwenda, na lipeni nusu mwanzoni, nusu mwishoni. Halafu, kwa heshima, mpime kwa maswali matatu.

La kwanza, Bushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa wapi? Bagamoyo ina jiwe la kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani, si mbali na makaburi ya askari wa Kijerumani, na wengi huunganisha hayo mawili harakaharaka. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. La pili, je, gavana Mjerumani alitawala koloni akiwa ndani ya Boma hili? Haiwezekani; makao makuu yalihama 1891 na Boma ni la 1897. La tatu, Stanley alianzia wapi mwaka 1871 alipokwenda kumtafuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi? Hapahapa Bagamoyo. Akijibu mawili kati ya matatu, mchukue bila wasiwasi. Akisema "hilo ngoja nikaulize", mchukue huyo kabla ya wote.

Saa 6 na nusu au 7 kuleni. Pweza na samaki wa kukaanga karibu na soko la samaki ni wabichi wa asubuhi ileile. Chagua aliyetolewa kwenye mafuta mbele yako. Mwezi wa Ramadhani mchana vibanda vingi hufungwa, basi beba chakula chako na ule pasipo macho ya watu.

MISHENI

Misheni iko kama kilometa 2 kaskazini mwa katikati ya mji. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Fika saa 8 na nusu hivi, uingie kwanza makumbusho, kwenye nyumba iliyokuwa ya masista. Hapa maelezo ni mengi na yamepangwa vizuri kuliko popote Bagamoyo: picha za kale, minyororo, pingu, nyaraka. Tenga saa nzima. Usipige picha mpaka umeuliza.

Kijiji cha Uhuru, walikowekwa waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, kinastahili kusimuliwa kikamilifu. Walipewa uhuru, nyumba na shule, pamoja na kengele, kazi za shambani na sheria kali za kila saa. Makumbusho yanaonyesha upande wa kwanza kwa ufasaha zaidi ya wa pili, na mgeni makini atauona wa pili mwenyewe kwenye nyuso za picha. Jambo jingine linalopitwa haraka: mbegu za kahawa kutoka kisiwa cha Réunion zilipandwa hapa na mapadre hao kabla ya kupelekwa bara, na ukoo wa kahawa hiyo ulifika hadi Kilimanjaro. Bagamoyo yenyewe ina joto mno kwa kahawa, lakini ndiyo iliyoipokea.

Mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, ndio unaobeba jina la Livingstone. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi hapa, wakafika tarehe 24 Februari 1874. Ulilala kanisani usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Majina ya waliobeba yatajwe kwa sauti mnapokuwa mnarani. Ukisikia habari nzima ikisimuliwa bila Chuma na Susi, irudishe nyuma.

Kisha nenda kwenye mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Usisimame mbali, zunguka shina mpaka uone chuma. Ni pingili chache za mnyororo zinazochomoza kwenye gome, zilizobaki zimemezwa. Gome limevimba kuzizunguka kama mdomo uliofumba, na kutu imeacha michirizi ya kahawia kuteremka kwenye shina. Wageni wengi huambizana kwamba hapa ndipo watumwa walipofungwa. Inavyosimuliwa Misheni ni kwamba Madame Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alimfungia punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, mti ukakua. Usiuvute wala usiuguse; pingili zinazoonekana zinapungua kadiri mbuyu unavyonenepa.

Jumapili asubuhi kuna misa, kanisa si la kutalii. Ijumaa, kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana, mji unasimama kwa sala, usipange kupiga hodi kwenye milango wakati huo. Machi hadi Mei ni masika: njia za Kaole zinateleza na mbu wa mikokoni hawana huruma. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukipoza.

Ukitoka Misheni saa 11, bajaji inakufikisha stendi kwa dakika 10. Ulizia kosta ya mwisho ya Dar asubuhi unaposhuka, si jioni unapoihitaji, na uchague iliyokwisha kujaa nusu. Iliyo tupu itakukalisha mpaka magharibi.